Mada ya mradi wa aplikesheni: mwalimu anajibu

Msimu wa mapendekezo ya miradi umefika, na maswali ya wanafunzi wa kompyuta yamejaa. Nimechagua machache. Mengi yanayofanana nimeyajibu kwa pamoja.

Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa mwisho Dodoma. Msimamizi amenirudishia pendekezo mara tatu: mfumo wa hospitali, duka la mtandaoni, kisha aplikesheni ya kilimo. Kila mara anaandika "pana mno". Nifanyeje?

Marahaba. Msimamizi wako hana chuki. Mfumo wa hospitali nzima ni kazi ya kampuni kwa miaka, na wewe una semista moja na kompyuta inayozima ukichomoa chaja. Mada zako tatu zina kasoro ileile: ndani yake hamna mtu. Nani hasa ataishika hiyo simu? Atakuwa amesimama wapi, na mkono wa pili umebeba nini?

Chukua hiyohiyo hospitali uichonge. Kuna kliniki ya presha. Kwenye kliniki hiyo kuna mzee anayepewa dawa za mwezi mmoja, tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi, na kadi iko chini ya godoro. Vidonge vinaisha, anakaa siku kadhaa bila dawa, anakuja kukumbuka kichwa kikianza kuuma. Mada ndiyo hiyo: kumkumbusha mgonjwa wa presha, au mwanawe anayeishi naye, kabla vidonge havijaisha. Skrini nne au tano zinatosha.

Kabla ya kurudi kwa msimamizi, kakae na watu watano wenye tatizo hilo. Usiwaulize kama wangependa aplikesheni. Kwa adabu zetu, mtu mzima atakwambia "nzuri sana mwanangu, Mungu akubariki", na hataigusa tena. Muulize mara ya mwisho dawa ziliisha lini, na siku hiyo alifanya nini. Kama huwapati watu watano ndani ya wiki moja, iache mada hiyo hata kama inakuvutia, kwa sababu wakati wa majaribio utawahitaji tena. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo. Wapo wanaompinga, lakini kwa mfuko wa mwanafunzi idadi hiyo inafaa.

Niko Moshi, diploma. Mama ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake ishirini. Nataka kuwatengenezea aplikesheni ya hesabu ila wenzangu wananicheka, wanasema zipo nyingi. Niiache?

Usiiache. Katika barua zote, hii ndiyo iliyonifurahisha. Jopo la watahini halitakuuliza kama wewe ni wa kwanza duniani. Litakuuliza umejuaje kwamba tatizo lipo, na wewe mweka hazina unaye nyumbani.

Lakini kielewe kikoba kabla hujachora hata kitufe kimoja. Mfumo wa vikundi vya hisa na mikopo unaofanana na huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Katika vikundi vya namna hiyo fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Hisa hununuliwa mbele ya wote, pesa huhesabiwa kwa sauti, aliyechelewa hulipa faini palepale. Kikoba kinalindwa na macho ya watu. Ukihamishia hesabu zote kwenye simu ya mama, umeyafumba macho hayo: wanawake kumi na tisa wanabaki kumwamini mmoja na skrini yake. Siku mkopo wa mtu utakaposomeka tofauti na anavyokumbuka, ugomvi utabisha hodi nyumbani kwenu.

Basi fanya mradi wako uwe kuyarudisha macho hayo. Hisa ikiingizwa, mwanachama apate SMS kikao kikiwa bado kinaendelea. Hesabu ya siku isifungwe mpaka watu watatu waweke namba zao za siri. Kosa lisifutwe; lisahihishwe kwa mstari mpya unaoonyesha nani kasahihisha na saa ngapi. Na ifanye kazi hata bando likiisha, isipokuwa zile SMS, ambazo zisubiri mtandao urudi.

Hata hivyo, hayo yote bado ni mengi. Ningekuwa wewe ningeshika mgao wa mwisho wa mwaka peke yake. Tuseme kikundi kina hisa 400 za shilingi 5,000, yaani 2,000,000, na sandukuni kuna 2,600,000. Kila hisa inalipwa 6,500. Rahisi, mpaka ukumbuke wale watatu ambao hawajamaliza mikopo na yule aliyejitoa mwezi wa nane akidai hisa zake. Muulize mama walivyoamua mwaka jana. Omba ruhusa ya kikundi, nakili daftari bila majina, kisha uone kama programu yako inafika kwenye jibu walilolifikia wao. Wanaokucheka hawana data kama hiyo.

Habari ya kazi mwalimu. Tuko wanne, Mombasa. Tulitaka aplikesheni ya kuita tuktuk, mhadhiri akasema hatutaweza kuijaribu. Kwani ana haki?

Salama. Ana haki. Aplikesheni ya kuita usafiri inataka madereva na abiria kwa wakati mmoja; mkikosa upande mmoja, ule mwingine unaitoa kwenye simu. Nyinyi hamna pesa ya kuwavutia wote wawili.

Shikeni taarifa badala ya kuita: njia, vituo, nauli. Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na vyuo vya Marekani, vikiwemo MIT na Columbia, kiliwatuma wanafunzi kupanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi kila kituo. Ramani ilitolewa mwaka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo zikaingia kwenye Google Maps. Nanyi wanne mnaweza kushika njia moja tu, kwa mfano Likoni hadi Ukunda, mkaipanda asubuhi, mchana na jioni. Mtakutana na jambo tamu: nauli hupanda mvua ikinyesha na watu wakijaa stendi. Mtaionyeshaje bei isiyotulia bila kumdanganya abiria? Mkilijibu hilo vizuri, mhadhiri hatawauliza habari za tuktuk.

Nikichagua akili mnemba kama mada, nitapata alama zaidi?

Hiyo ni zana. Mada ni ugonjwa wa mihogo, kwa mfano. Iko aplikesheni iitwayo PlantVillage Nuru ambayo hutazama jani la mhogo kwa kamera ya simu na kukisia kama lina batobato au michirizi ya kahawia, na inafanya hivyo shambani bila intaneti. Iliyokuja kwanza hapo ni taabu ya mkulima. Anza nayo, kisha uone kama zana hiyo inahitajika. Mara nyingi orodha iliyopangwa vizuri inatosha.

Mradi wangu ni kalenda ya hedhi kwa wasichana wa sekondari, Tanzania. Nikusanye taarifa zao nizihifadhi kwenye seva?

Mada nzuri, lakini usizikusanye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Tarehe zibaki ndani ya simu. Wakati wa kutengeneza tumia tarehe za kubuni, na wa kukujaribia wawe watu wazima walioridhia.

Kuna jambo jingine ambalo sheria haitakukumbusha. Wasichana wengi hutumia simu ya mama au ya dada. Fikiria kaka mtu akiishika simu hiyo saa mbili usiku, arifa ikaruka juu ya skrini. Itakuwa imeandikwa nini? Sura nzima ya ripoti yako inaweza kutoka hapo.

Watumiaji wangu ni wauza samaki wa feri, wengi wana simu za kitochi. Je, USSD, yaani menyu za maandishi za kupiga nyota na namba, inakubalika kama mradi wa dizaini?

Inakubalika, na ni ngumu kuliko skrini ya rangi. Una maneno machache, hakuna picha, na mtu akichelewa kujibu anakatwa arudie mwanzo. Kampuni ya Africa's Talking ina mazingira ya majaribio ya bure ambako utaigiza menyu kwenye kompyuta bila kulipia namba. Chaguo linalotumika zaidi liwe la kwanza. Wengi wakija na menyu yenye machaguo manane, chini kabisa kunakuwa na "Msaada" ambao hakuna aliyewahi kuufikia.

Zimebaki wiki sita. Lazima niiweke Play Store?

Si lazima, labda mwongozo wa chuo chako useme hivyo. Ada ya kujisajili ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi hudaiwa wajaribu 12 wanaoshiriki kwa siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuchapisha. Wiki mbili kati ya sita zako zimeliwa hapo. Michoro inayobofyeka ya Figma, programu ya kuchorea skrini, pamoja na programu iliyowekwa kwenye simu mbili za bei nafuu, vinatosha mbele ya jopo. Simu ya pili ni ya siku ile ya kwanza itakapogoma.