Jibu: Jirani mmoja anapenda Halloween, mwingine kanuna

Dada pole, nimekuelewa. Umehamia Ohio huku Marekani juzi tu, Halloween ndo hiyo, sikukuu ya mwisho wa Oktoba watoto wanavaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na wako wanataka kwenda na wenzao, jirani wa kulia kaning'iniza mifupa ya plastiki mpaka kwenye mti, wa kushoto kakwambia hayo ni mambo ya shetani. Mi nina mwaka wa 9 huku, wote utawazoea.

Kwanza angalia taa ya barazani. Ikiwaka gongeni, ikizimwa pitilizeni. Mwaka wetu wa kwanza sikujua, mwanangu akang'ang'ania mlango wenye giza, katoka mzee na kandambili kakasirika, niliomba msamaha mpaka jasho. Na usidhani ni tarehe 31 Oktoba kila mahali, miji mingi ya Ohio inatangaza siku na masaa yake, mara nyingi kama saa 12 mpaka saa 2 usiku, cheki tovuti ya mji wenu.

Kama dini yako hairuhusu, zima taa ukae zako ndani, hakuna atakayekudai. Ila watoto waambie mapema, sio jioni yenyewe wenzao wameshavaa.

Mkitoka usiwaache peke yao, magari ndo hatari kuliko hizo pipi, nguo nyeusi gizani dereva haoni, wape tochi. Pipi zikaguliwe nyumbani. Mwenye aleji ya karanga ongea na daktari wake kabla, akivimba midomo au akipumua kwa shida piga 911, namba ya dharura, hapo hapo.

Yule wa kushoto usibishane naye, mpelekee sambusa siku nyingine, wangu alilainika hivyo.