Kwa nini malipo yaliandikwa mara mbili

Ndugu, umeuliza kwa nini malipo ya shilingi 50,000 kutoka seva ya Gulu yaliandikwa mara mbili kwenye seva ya Kampala, ilhali mteja alibonyeza mara moja tu. Mteja hana kosa. Programu ya Gulu ilituma ujumbe, ya Kampala ikaupokea na kuandika malipo, lakini jibu la kuthibitisha likapotea mtandao ulipokatika. Gulu, kwa kuwa haina njia ya kutofautisha ujumbe uliopotea na jibu lililopotea, ikangoja kidogo kisha ikatuma tena. TCP, yaani kanuni za mtandao zinazohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio, haikuokoi hapa, kwa sababu dhamana yake huishia pale muunganisho unapokatika.

Dawa yake ni mtumaji kuupa kila ujumbe namba ya pekee kabla ya kuutuma mara ya kwanza, mfano GUL-000417, na kuitumia namba hiyo hiyo kila anaporudia. Mpokeaji aiandike namba hiyo pamoja na malipo yenyewe katika muamala mmoja wa hifadhidata, yaani vyote viwili viandikwe kwa pamoja au kisiandikwe hata kimoja. Akiikuta tayari ipo, asiandike malipo upya bali arudishe jibu lile lile la awali. Nasisitiza muamala mmoja, maana ukiviandika kila kimoja peke yake na umeme ukakatika katikati, umerudi pale pale ulipokuwa.

Usitambue marudio kwa kulinganisha saa za seva hizo mbili, kwani saa za mashine hupishana. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha tangu 1978 jinsi matukio yanavyoweza kupangwa kwa namba za mfuatano badala ya saa.