Manu Dibango hakuwa Mkongo

Kaka, unasema Manu Dibango, yule mpiga saksafoni, ni mwanamuziki wa Kongo. Hapana, Dibango alikuwa Mkameruni, kazaliwa Douala Desemba 1933. Sisi wa Kigoma tunamchanganya kwa sababu redio za Kongo, ng'ambo ya ziwa, zilimpiga sambamba na wanamuziki wa huko kina Kabasele. Hata baba mdogo wangu pale Ujiji alimweka boksi moja na santuri za Franco, Mkongo halisi, na ukimbishia anakasirika.

Ukongo wake ni huu tu: Kabasele alikutana naye Brussels mwaka 1960, akamwingiza African Jazz, bendi yake, na 1961 Dibango akahamia Léopoldville (Kinshasa ya leo). Mwaka 1963 alisharudi kwao.

Muziki wake ulianzia kanisani, kwa Waprotestanti wa Douala. Mwaka 1949, akiwa na miaka 15, baba yake akampeleka Ufaransa kusoma, na mzigoni mna kilo tatu za kahawa za kumlipa aliyempokea. Hilo kalisimulia mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake. Huko akaanza na piano, saksafoni ikafuata, na Francis Bebey, Mkameruni mwenzake, ndiye aliyemwonjesha jazz.

Ila kumwita mpiga jazz tupu nako si sawa sana. "Soul Makossa" ya 1972, iliyompa jina hadi Marekani, ni makossa, muziki wa dansi wa Douala, uliochanganywa na fanki. Tena ilikuwa upande wa pili tu wa santuri, upande wa kwanza ukiwa wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kamerun mwaka huo.