Maswali ya Wasomaji: Chupa Tupu Juu ya Dari Zinapunguza Joto?

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nyumba yangu iko Dodoma, imeezekwa bati la kawaida na dari ni ya jipsamu. Kuanzia saa 7 mchana hadi magharibi sebuleni hakukaliki. Nimeambiwa nipange chupa tupu za maji juu ya dari. Kuna vijana wanaoweza kuniokotea za lita moja na nusu. Sebule ni mita 3 kwa 4. Nahitaji chupa ngapi, na je, zinasaidia kweli? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Tuanze na idadi. Chupa ya lita moja na nusu ina kipenyo cha sentimita 9 hivi na urefu wa karibu sentimita 32. Ukizilaza ubavu kwa ubavu, mita moja ya mraba inachukua chupa kama 33, kwa hiyo sebule yako itakula karibu 400. Uzito usikutishe, maana chupa tupu 33 hazifiki kilo 2.

Ama kusaidia, zinasaidia, ila kidogo kuliko unavyotarajia. Plastiki nyembamba ya chupa haizuii joto. Kinachozuia ni hewa iliyotulia, na hiyo hewa unayo tayari juu ya dari yako. Nafasi ya hewa iliyofungwa chini ya bati la moto inapata karibu nguvu yake yote ikifika unene wa sentimita 2 hadi 5. Ukiifanya iwe sentimita 30, hujaongeza la maana.

Tatizo la mchana liko kwingine. Bati lililopigwa na jua la utosini linaweza kupita nyuzi 60, na joto lake huishukia dari kwa mnunurisho, kama lile unalolisikia usoni ukikaa mbele ya moto hata kama hewa ni ya baridi. Bati lililozeeka au kushika kutu hunururisha zaidi kuliko jipya linalong'aa. Chupa tupu hulipokea joto hilo, nazo zikipata moto huipasia dari. Kuta zake ni pazia la kwanza na la pili tu, na pazia hilo linavuja.

Kwa hiyo kabla hujamlipa kijana hata chupa moja, tundika kitu kinachong'aa chini ya bati. Karatasi ya alumini ya madukani ni nzuri. Asiye na fedha atumie pakiti za maziwa ya muda mrefu, zile ambazo kwa ndani zina rangi ya fedha. Zipasue, zioshe kwa sabuni, zianike hadi zikauke kabisa, kisha zibane kwa stepla moja ikipanda juu ya nyingine sentimita 2. Pakiti 14 hadi 16 za lita moja zinatosha mita moja ya mraba. Zishikize upande wa chini wa mbao za kenchi, uso unaong'aa ukitazama chini. Ukiuelekeza juu vumbi litaufunika, na alumini yenye vumbi haina kazi tena. Acha angalau sentimita 3 za hewa kila upande. Uso wa alumini uliogusana na bati, au uliolazwa moja kwa moja juu ya jipsamu, hulipitisha joto badala ya kulirudisha.

Pili, toa hewa ya moto. Fungua matundu chini ya mapaa pande mbili zinazotazamana, uyawekee wavu wa mbu na wavu wa kuku ili popo na panya wasiingie. Tatu, upande wa juu wa bati upake rangi nyeupe ya mabati. Wengi hulidharau hili kwa sababu halina maajabu, lakini kwa mchana wa Dodoma tungelitanguliza mbele ya chupa zote 400.

Ukishafanya hayo na bado unataka chupa, zijaze pumba za mpunga. Hapo ndipo zinapoanza kuwa kizuizi cha joto cha kweli, kwa sababu pumba hukata hewa vipande vidogo na kuzuia mnunurisho kupenya. Chupa ya lita moja na nusu inameza gramu 150 hivi za pumba, kwa hiyo mita ya mraba itakuwa na kilo 6 hadi 7. Huo ni karibu uzito wa jipsamu yenyewe, basi usiiegemezee dari. Piga mbao za inchi 2 kwa 2 juu ya kenchi, tandaza wavu wa kuku, na chupa zilale juu ya wavu.

Kumbuka pia kwamba vitu vya mviringo vikipangwa ubavu kwa ubavu huacha mianya inayozidi sehemu moja ya tano ya nafasi yote. Joto hupitia humo. Ziba mianya kwa pumba, usumba au vitambaa vikavu. Na kama pumba unazipata bure na dari yako ni kavu, hatuoni kwa nini uhangaike na chupa. Viroba vilivyojazwa pumba kwa unene wa sentimita 10 na kulazwa bila mwanya vitazishinda chupa kwa kinga na kwa wepesi wa kazi. Faida ya chupa ni kwamba pumba zake hazilowi bati likivuja.

SWALI: Sitaki kuokota mamia ya chupa kwa kubahatisha. Kuna namna ya kujaribu kwanza kwa gharama ndogo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ipo. Tafuta katoni nne zinazolingana, za sentimita 45 kila upande, na vipande vinne vya bati vilivyokatwa kwenye shuka moja. Bati jipya kwenye katoni moja na lenye kutu kwenye nyingine litakuharibia jaribio lote. Ndani ya kila katoni weka "dari" ya kadibodi sentimita 12 chini ya bati. Katoni ya kwanza iache hivyo. Ya pili ipangie chupa tupu za nusu lita 12, yaani safu mbili za chupa sita. Ya tatu iwekee karatasi ya alumini katikati ya bati na dari, isiguse popote. Ya nne ipangie chupa 12 zenye pumba. Kingo zinazobaki wazi kwenye katoni za chupa zisokomee vitambaa.

Kuta za katoni ni nyembamba, na jua likizipiga litaingiza joto kwa ubavuni na kuficha tofauti unayoitafuta. Zivike kadibodi ya pili na uzizungushie kitambaa cheupe. Ziinue juu ya vipande vya mbao, zisikae kwenye sakafu ya saruji.

Kipimajoto cha kidijitali chenye waya kinafaa zaidi. Toboa tundu dogo ubavuni, ingiza waya hadi katikati ya chumba cha chini, kisha ziba tundu kwa gundi ya karatasi. Kabla ya hapo viweke vipimajoto vyote pamoja kivulini kwa saa moja na uandike vinavyopishana. Vya bei rahisi hupishana nyuzi moja au mbili, na mtu asiyejua hilo atasifia chupa kwa kosa la kipimajoto. Anza saa 3 asubuhi, soma kila nusu saa hadi saa 11 jioni, na usisahau kupima kivulini nje. Kesho yake badilisha nafasi za katoni.

Tazama mambo mawili: kilele cha joto kimefika wapi, na kimefika saa ngapi. Alumini hushusha kilele. Pumba hukishusha na kukichelewesha pia. Ikiwa katoni ya chupa tupu inakaribiana na ile isiyo na kitu, umejipatia jibu lako kwa chupa 24 tu.

SWALI: Nilijaza chupa pumba nikazifunga vizuri. Baada ya wiki moja nyingine zimebonyea, na nyingine zina matone ya maji kwa ndani. Nilikosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hayo ni makosa mawili tofauti.

Kubonyea kunatokana na saa uliyofunga. Hewa iliyofungiwa ikiwa na nyuzi 45 mchana, ikipoa hadi 20 alfajiri, hupungua kwa karibu asilimia 8, na chupa nyembamba ya maji haina ubavu wa kuhimili. Funga vifuniko asubuhi kungali na ubaridi. Mchana shinikizo litapanda kidogo, lakini chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya soda hulivumilia bila shida. Kwa kazi hii chupa za soda zinazipita za maji. Ila zisuuze mara tatu, maana tone moja la sukari linaita sisimizi wa mtaa mzima.

Matone yanatokana na pumba mbichi, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha kuzilowesha upya hata baada ya kuzianika. Zichekeche kwanza kutoa chenga na vumbi, kwa sababu chenga za mchele ndizo zinazomleta panya. Kisha zitandaze kwenye turubai juani siku mbili, unene usizidi vidole viwili, na jioni uzifunike. Kabla ya kujaza, tia konzi moja kwenye chupa angavu, funga, iache juani saa nzima. Ukiona ukungu au vitone karibu na shingo, rudisha pumba juani. Chupa nazo zikauke kwa kuinamishwa mdomo chini kwenye kichanja siku mbili au tatu.

Zile zilizokwisha kulowa zimwage. Pumba zilizofungiwa na maji huota kuvu na kupungua, na sehemu ya juu ya chupa itabaki hewa tupu. Wakati wa kujaza tumia kichwa cha chupa nyingine kilichokatwa kama faneli, gonga kitako cha chupa sakafuni kila ikifika robo, kisha ongeza hadi shingoni. Usishindilie kwa mti.

SWALI: Vipi kuhusu moto? Nyaya zangu za umeme zinapita juu ya dari. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Plastiki ya chupa hulegea ikifika nyuzi 70 hivi, na ikishika moto hudondosha matone yanayowaka. Ndiyo sababu chupa zisigusane na bati. Acha sentimita 5 au zaidi, la sivyo zile zilizo karibu na kofia ya paa zitakunjamana.

Usiweke chupa jikoni, wala ndani ya nusu mita kutoka kwenye bomba la moshi au taa zilizozamishwa darini. Waya uliofunikwa pande zote hauna pa kutolea joto, na ukibeba mzigo wa hita au pasi maganda yake huungua polepole. Nyaya zipite kwenye mabomba, juu ya tabaka la chupa, na viungio vyote viwe ndani ya maboksi yanayofikika. Karatasi ya alumini inapitisha umeme. Ikigusana na waya uliochubuka, dari nzima inakuwa hatari, kwa hiyo fundi umeme aliyesajiliwa akague kwanza. Kama unafikiria kujaza sufi badala ya pumba, sisi tungeikwepa kabisa. Ni nyepesi na inazuia joto vizuri, lakini huwaka kwa kasi mno.

SWALI: Sisi huku Makete shida ni baridi. Nikijenga ukuta wa chupa za bia na udongo, au chupa za plastiki zenye mchanga, nyumba itakuwa na joto? (Msomaji, Makete)

JIBU: Hapana kwa zote mbili. Kioo hupitisha joto vizuri, na udongo ulio kati ya chupa hulipitisha pia. Chupa ya mchanga ni tofali, si kizuizi. Ile ya lita moja na nusu ina kilo 2 na nusu hivi, inahifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, jambo linalofaa penye jua kali. Nyumba ya chupa za mchanga iliyojengwa Yelwa karibu na Kaduna, Nigeria, mwaka 2011 iko kwenye nchi ya joto. Juni ya Makete ni habari nyingine.

Anza kwa kuziba upenyo wa mbao na mapaa, halafu weka viroba vya pumba juu ya dari, maana usiku joto hupanda juu. Lakini kama mnaota jiko la mkaa ndani, msizibe kabla ya kulitoa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na nyumba iliyozibwa vizuri ndiyo inayoua haraka.

SWALI: Nalea vifaranga 100 Limuru na bili ya umeme inaniumiza. Chupa zinaweza kusaidia kwa brooder (kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga)? (Msomaji, Limuru)

JIBU: Hapa zinafaa, tena kwa namna mbili. Kuta zijenge mbili za plaiwudi, nafasi ya sentimita 7 katikati, usimamishe humo chupa za nusu lita zenye maranda makavu, na mianya uizibe kwa maranda yaleyale. Chini weka wavu wa panya wenye matundu madogo.

Namna ya pili ni maji moto. Jerikeni ya lita 5 ikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 35 hutoa joto sawa na balbu ya wati 60 iliyowaka karibu saa mbili na nusu. Ifunge kitambaa ili kifaranga asiungue. Jerikeni mbili saa 4 usiku, nyingine mbili saa 10 alfajiri, na balbu ibaki tayari kwa dharura. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki.

Matundu ya juu usiyazibe hata baridi ikizidi. Ukiinama ukasikia amonia ikichoma macho, hewa haitoki, na vifaranga wataanza kukohoa kabla hawajapata nafuu yoyote ya ukuta wako. Wakirundikana karibu na jerikeni, ongeza joto. Wakitawanyika pembeni huku wametweta na mabawa wazi, toa jerikeni moja.