Muulize Mfamasia: 0.4 na 400, ipi kali zaidi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mimba ya miezi minne. Kliniki nimepewa vidonge vya kuongeza damu, pakiti inasema ndani mna asidi ya foliki 0.4 mg. Wifi yangu akaniletea vingine vya duka la dawa, foliki tupu, 400 mcg. Mama mkwe kanikataza kabisa, anasema hiyo 400 itanimaliza. Ni kweli? – Mama Kijacho, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. (Mimi ni mfamasia, ila kaunta wote tunaitwa daktari, tumeshazoea.) Mwambie mama mkwe atulie, foliki iliyomo ni kiasi kile kile. Namba ya dawa haisomwi peke yake, husomwa pamoja na herufi zinazoifuata.

Hiyo mg ni miligramu: gramu moja imegawanywa mara elfu. Hiyo mcg ni mikrogramu: miligramu nayo imegawanywa mara elfu nyingine. Zidisha 0.4 kwa 1000, utaipata 400 ya wifi yako.

Mili na mikro ni viambishi awali, na sisi tunavyo vya kwetu. Mtu tukimwita jitu tumemkuza, tukimwita kijitu tumempunguza. Ila ki- yetu haisemi imepunguza mara ngapi. Mikro inasema: mara milioni, iwe mbele ya gramu, mita au lita.

Kuna foliki nyingine madukani, ya 5 mg, na hiyo ndiyo ningependa mama mkwe aihoji. Tano inaonekana si kitu mbele ya 400, kumbe ni mikrogramu 5000, mara kumi na mbili na nusu ya hiyo inayomtisha. Hupewa mjamzito mwenye sababu maalumu, kwa mfano mwenye selimundu, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Usiinunue kwa kusikia tu. Na hivyo vya wifi, kwa kuwa vya kliniki tayari vina foliki, usivijumlishe kabla hujamuuliza muuguzi wako.

Kinachonikera mimi ni mikrogramu iliyoandikwa µg kwa mkono, tena kwa haraka. Mkia wa hiyo µ usipoonekana vizuri, anayesoma anaona mg, na dozi imepanda mara elfu. Uingereza waandikao dawa huelekezwa waandike neno zima, mikrogramu, na mimi naona wana haki. Sufuri nazo zina kesi yake: iandikwe 0.4, isiwe .4, maana nukta ikififia inabaki 4. Na iandikwe 5, isiwe 5.0, isije ikageuka 50. Ukipewa cheti kisichosomeka, kirudishe. Hakuna aibu.

SWALI: Mwalimu anasema kizio cha msingi cha tungamo ni kilogramu. Mbona kina kiambishi, wakati mita haina? – Mwanafunzi wa darasa la saba, Tabora

JIBU: Umeona vizuri, katika vizio saba vya msingi ni hicho tu chenye kiambishi. Wafaransa walipopanga vipimo hivi mwaka 1795, gramu ilikuwa uzito wa maji ya sentimita moja ya ujazo. Kidogo mno kwa biashara, na ni shida kutengeneza jiwe la mizani sahihi la ukubwa huo. Wakatengeneza la gramu 1000, nalo likawa ndilo la kupimia mengine. Tangu Mei 2019 hata jiwe halitumiki tena, kilogramu hukokotolewa kutokana na namba ya fizikia isiyobadilika, iitwayo konstanti ya Planck.

Kwenye mtihani andika kg, k ndogo. K kubwa ni kelvini, ya joto. Na usiandike Mg ukikusudia miligramu: M kubwa ni mega, na megagramu moja ni tani nzima.