Rais bila wagombea: Wasabato huchaguanaje?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nililelewa Mlutheri, nikaolewa na Msabato, na sasa nasali naye. Julai 2025 nikasikia Wasabato wamepata rais mpya wa dunia nzima, lakini sikusikia mgombea wala kampeni. Huku kwetu nako mchungaji amehamishwa bila sisi kuulizwa. Nani humchagua nani? Huyo rais ndiye papa wao?
— Mke wa shemasi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nimekuwa karani wa kanisa, na kamati za uchaguzi nimezikalia hadi kiti kikanijua. Nianzie chini, maana huko juu wanafanya yale yale, ila kwa watu wengi zaidi.

Muda wa viongozi ukikaribia kwisha, kanisa halipigi kura ya wagombea. Kwanza inaundwa kamati ambayo kazi yake ni moja tu: kupendekeza watu wa kamati ya uchaguzi. Hapo ndipo penye nguvu, na ajabu ni kwamba siku hiyo nusu ya watu wako nje wanasalimiana! Kamati ikishapatikana hujifungia: mzee wa kanisa nani, mhazini nani, shemasi nani. Yanayosemwa mle hayatoki. Aliyependekezwa huulizwa kwanza kama anakubali, kisha majina husomwa mbele ya kanisa, jina moja kwa kila nafasi.

Siku hiyo hakuna kura. Husubiriwa wiki moja au mbili, yasomwe tena, ndipo mikono iinuke. Mwenye neno dhidi ya jina fulani hasimami kumvua mtu nguo hadharani. Huomba taarifa irudishwe kwenye kamati, akaieleze huko. Nimeona majina yakibadilika kwa njia hiyo bila mtu kuaibika. Nimeona pia watu wakinyamaza wiki nzima, halafu wakanung'unika mwaka mzima.

Mchungaji ni habari nyingine. Kanisa lenu halimwajiri wala halimfukuzi. Yuko chini ya konferensi, ambayo ni muungano wa makanisa ya eneo lenu, na kamati yake ndiyo humpanga na kumhamisha. Zaka zenu hazibaki kanisani, hupanda konferensi, na mshahara wake hutoka huko. Faida yake ni kwamba kanisa la maskini nalo hupata mchungaji, na tajiri wa kanisa hawezi kumtisha kwa bahasha. Lakini kumhamisha bila hata kuwaandaa washiriki si kanuni, ni adabu mbovu tu.

Juu ya konferensi kuna union, yaani muungano wa konferensi kadhaa, kisha Konferensi Kuu ya dunia nzima, yenye divisheni 13 zinazoiwakilisha katika kanda mbalimbali za dunia. Wajumbe hukutana kila miaka mitano. Kikao cha 2020 kilisogezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona. Tarehe 4 Julai 2025, mjini St. Louis, Marekani, kamati ya uchaguzi ilileta jina moja, Erton Köhler wa Brazil, wajumbe wakalipigia kura, naye akashika nafasi ya Ted Wilson aliyeongoza tangu 2010. Usidhani aliokotwa njiani: alikuwa katibu wa Konferensi Kuu tangu 2021. Ushindani upo, ila umefichwa ndani ya chumba cha kamati. Mimi naona ni afadhali kuliko mabango, ingawa mjumbe wa kawaida hajui nani mwingine alitajwa.

Papa? Hapana. Konferensi Kuu ilipoundwa mjini Battle Creek, Marekani, mwaka 1863, James White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa, alichaguliwa kuwa rais akakataa, nafasi hiyo akaishika John Byington. Baadaye mambo mengi mno yakawa yanaamuliwa na watu wachache hapo Battle Creek, hata ya nchi za mbali. Mwaka 1901 muundo ukapanguliwa, union zikaundwa ili maamuzi yafanyike karibu na kazi. Suala zito huamuliwa na wajumbe wenyewe. San Antonio, 2015, swali lilikuwa kama kila divisheni ijiamulie kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji: 1,381 walikataa, 977 waliunga mkono. Hadi leo jeraha hilo halijapona.

Kuhusu mchungaji wenu, konferensi nayo ina mkutano wake mkuu, na kila kanisa hutuma wajumbe. Muulize mume wako ni nani aliyetumwa na kanisa lenu mara ya mwisho, na kama alirudi kuwapa taarifa.