Usukani Uliochakaa: Shona Ngozi Mpya Kabla ya Kutafuta Usukani Mwingine

Jamaa na majirani wanaoijua Corolla yangu huniuliza mara kwa mara kama usukani uliobambuka unafaa kushonwa upya au ni heri kwenda kwenye maduka ya spea kununua mwingine. Jibu langu halijabadilika. Kama kiunzi cha chuma kilichomo ndani hakijapinda wala kupasuka, na kama honi, vitufe na mfuko wa hewa vinafanya kazi ipasavyo, baki na usukani uliokuja na gari lako na uushonee ngozi mpya. Nimefanya hivyo hapa Dar es Salaam, nikakaa na fundi tangu nati ilipofunguliwa hadi uzi wa mwisho ulipokatwa, na haya ninayoyaeleza ni yale ambayo ningependa kila mwenye gari ayafahamu kabla hajamkabidhi mtu ufunguo wake.

Tuanze na sababu za kuchakaa, kwa kuwa zinaamua dawa. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yameshatumika kwa miaka, na hata karatasi ya mnada wa huko hulipatia gari daraja la hali ya ndani kwa herufi, kuanzia A kushuka chini. Gari linapofika kwetu, joto la pwani na unyevu wake huendeleza uchakavu ulioanzia huko. Ngozi ya usukani haikuachwa wazi: imepakwa rangi, na juu ya rangi ukawekwa utando mwembamba wa poliyurethani. Jasho, mafuta ya mwili, losheni na vitakasa mikono vyenye spiriti huula utando huo kwanza, kisha rangi, kisha ngozi yenyewe. Kwa kuwa tunakaa upande wa kulia, mkono wa kulia ndio unaobaki kwenye usukani wakati wa kushoto ukishughulika na gia au umepumzika tu, na ndiyo maana usukani wa kwangu, kama niliyoona mingine mingi, ulichubuka juu upande wa kulia huku upande wa kushoto ukiwa bado na mng'ao wake.

Usukani usio na ngozi, ule wa plastiki laini, huwa na ugonjwa tofauti. Huo hunata. Unyevu na joto huivunjavunja poliyurethani yenyewe, na baada ya miaka uso wake huwa kama umepakwa asali. Unaweza kuufuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na ute ukikataa, kwa spiriti kidogo sana, lakini kunata huko hurudi, na kwa hiyo kushonea ngozi juu yake ndilo suluhisho la kudumu.

Naomba niseme neno kuhusu ununuzi hapa hapa, kwa maana linahusiana. Usukani huzungumza ukweli kuhusu kilomita za gari. Ukionyeshwa gari linalosoma kilomita chache kwenye dashibodi huku usukani umeng'aa kwa kusuguliwa na pedali zimelika, uliza maswali. Vilevile ukikuta usukani una ngozi mpya kabisa katika gari ambalo viti vyake vimechoka, muulize muuzaji kwa heshima ni kwa nini ulishonwa. Kushona si kosa, na mwenye gari mwaminifu atakujibu bila kusita.

Wengi hukimbilia makava ya kuvalisha yanayouzwa kwenye foleni na kwenye maduka ya urembo wa magari. Siyashauri. Kava lisiloshonwa linashikiliwa na mpira wake tu, na mpira huo hulegea kwa jua. Siku utakayohitaji kukata kona kwa ghafla ili kumkwepa bodaboda, unaweza kuzungusha kava huku usukani wenyewe ukibaki nyuma. Unene wake pia huzidi kiganja cha mtu mwenye mikono midogo. Kava linalofaa ni lile linaloshonwa moja kwa moja kwenye mzingo, yaani ile duara unayoishika, nalo huuzwa likiwa limekatwa tayari, na kingo zake zina mstari wa uzi ambamo sindano hupita bila kutoboa ngozi upya. Ukinunua la namna hiyo, pima kipenyo cha usukani kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa upande wa pili. Magari madogo mengi yana sentimita 37 au 38, na tofauti ya sentimita moja ni kubwa kuliko inavyosikika: kwenye mzunguko mzima inakuwa zaidi ya sentimita 3 za ngozi inayopwaya au isiyofika.

Sasa nije kwenye jambo zito. Katikati ya usukani wa gari lolote la miaka ya karibuni kuna mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi, na nyuma yake kuna kilipuzi halisi kinachoujaza gesi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mtu asiyeuelewa asiuguse. Fundi wa viti anajua ngozi na uzi, lakini kuufungua usukani ni kazi ya fundi umeme wa magari, na mimi niliwaita wote wawili hata ingawa gharama iliongezeka. Kwanza hutolewa waya hasi wa betri, kisha husubiriwa umeme uliobaki kwenye mfumo uishe. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, na kampuni nyingine husema dakika 3 au zaidi. Mimi nasema subirini dakika 10, kwani hakuna mtu aliyewahi kupata hasara kwa kusubiri. Kwenye Corolla kama yangu, pembeni mwa kitovu cha usukani kuna vifuniko vidogo vya plastiki, kulia na kushoto, na ndani yake mna skrubu za bisibisi ya nyota ya pembe sita, namba T30. Zikishalegea, mfuko wa hewa huvutwa taratibu, na soketi yake, ambayo huwa ya rangi ya njano, huchomolewa. Uwekwe mezani sehemu ya mbele ikitazama juu, ili ukifumuka kwa bahati mbaya usijirushe hewani. Tena mtu yeyote asiupime kwa mita ya umeme, maana mkondo mdogo wa mita unaweza kutosha kuulipua.

Kabla nati haijafunguliwa, matairi yanyooke mbele na iwekwe alama ya kalamu ya rangi kwenye usukani na kwenye shafti, ili vitu virudi vilipokuwa. Nati yenyewe kwenye Toyota nyingi hufunguliwa kwa boksi spana namba 19. Ilegezwe, ila isitolewe kabisa. Iachwe imeshika nyuzi chache, kisha usukani utikiswe hadi uachie. Nati ikishatolewa yote, usukani unaoachia kwa kishindo huishia usoni kwa anayeuvuta. Nyundo haihusiki hapa hata kidogo. Na ukishatoka, kile kisahani cha plastiki kilichobaki kwenye shafti, chenye utepe wa nyaya uliokunjwa ndani yake, ambacho mafundi hukiita klokspringi, kibanwe kwa selotepu kisizunguke. Kikizungushwa kikiwa wazi, kisha usukani ukarudishwa, utepe huo hukatika siku utakapozungusha usukani hadi mwisho, na pamoja nao hukatika honi na mfuko wa hewa.

Kazi ya ngozi ndiyo niliyoifurahia kuiona. Fundi wa viti, katika banda lake Ilala, alikata uzi wa zamani kwa wembe kwenye mshono wa ndani, akabandua ngozi kipande kwa kipande bila kuirarua, akaandika namba nyuma ya kila kipande na kuchora mshale kuonyesha upande wa juu. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa ramani yake. Alivilaza juu ya ngozi mpya yenye unene wa milimita moja na ushei, akakata ndani kidogo ya mstari aliouchora. Nilipomuuliza kwa nini anapunguza, alinijibu: "Bosi, ngozi ikilingana na mzingo imeshakuwa kubwa, maana hii itavutika." Kisha aligeukia povu gumu lililozunguka kiunzi. Palipokuwa na nyufa alizijaza kwa gundi inayobaki laini ikikauka, akapiga msasa hadi kiganja kikawa hakihisi bonde lolote. Msisitize fundi wako kuhusu hilo, kwa sababu wapo wanaojaza kwa filla ngumu ya bodi, nayo hupasuka na kuchora mistari yake chini ya ngozi mpya.

Kushona kwenyewe kulianza chini ya mkono mmoja wa usukani, yaani kiungo kinachounganisha mzingo na kitovu. Alitumia sindano mbili zenye ncha butu na uzi wa poliesta uliopakwa nta, akipitisha kulia, kushoto, kulia, na baada ya kila hatua chache anavuta kwa nguvu ileile hadi kingo mbili zikutane bila kupandana. Hakuharakisha. Palipokunja alipasha ngozi kwa draya ya nywele ili ilainike, na kingo zinazoingia kwenye mikono ya usukani alizisukumia ndani kwa kipande cha plastiki bapa, si kwa bisibisi, ili asiikwaruze. Mshono unapaswa kukaa upande wa ndani wa mzingo, ukitazama kitovu, mahali ambapo viganja havisugui sana. Gundi hutumika kidogo tu kwenye pembe hizo. Fundi anayepaka gundi mzingo mzima anakutengenezea matatizo ya siku ngozi itakapohitaji kutolewa tena. Kuhusu ngozi, chagua nyeusi isiyong'aa, na kama unatoka jasho mikononi, omba vipande vyenye vitundu vidogo kulia na kushoto, mahali mikono inapokaa.

Je, ni wakati gani usukani ubadilishwe? Ubadilishwe kama kiunzi kimepinda kwa ajali, kama mzingo unatikisika kwenye mikono yake, au kama mfuko wa hewa ulishafumuka. Hapo hakuna ushonaji utakaosaidia. Lakini kununua usukani uliotumika pamoja na mfuko wake ni jambo la kulifikiria sana, kwa sababu hujui umetoka kwenye gari gani. Kampuni ya Takata ya Japani ilisambaza kwa watengenezaji wengi, Toyota na Honda wakiwemo, mifuko ya hewa iliyotumia amoniamu naitreti kuzalisha gesi. Kemikali hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, yaani hali ya hewa kama yetu, na mfuko unapofumuka kopo lake la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Marekani peke yake makopo takriban milioni 67 yaliamriwa yaondolewe, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Gari lako unaweza kulikagua kwa kuingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, uone kama mfuko wake umo kwenye walioamriwa kuondolewa, na nakuomba ufanye hivyo kabla ya kushona chochote. Usukani ulionunuliwa mezani hauna namba ya chesisi ya kukaguliwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote ya kubaki na wa asili.

Usukani wa mbio usio na mfuko wa hewa sitaupamba kwa maneno: kwa gari la familia usiuweke. Atakayekuambia kwamba taa ya onyo itazimwa kwa kuunga rezista kwenye waya anakuuzia gari ambalo limejifunza kudanganya. Rezista huidanganya taa hiyo, ila hitilafu nyingine zina kipimo rahisi ambacho kila mmoja anaweza kukifanya. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache, kwenye Toyota kama 6 hivi. Ikibaki inawaka kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata, au balbu yake imeungua. Fanya kipimo hiki kabla ya kazi ukiwa na fundi, na ukirudie baada ya kazi, betri ikisharudishwa.

Wakati wa kufunga, nati ikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Kwa Toyota ndogo nyingi kiwango ni nyutonimita (Nm) 50. Kisha toka barabarani polepole, ukague kama mikono ya usukani imekaa sawa gari likienda moja kwa moja. Ikikaa upande ilhali alama za kalamu zinalingana, tatizo liko kwenye alaimenti ya matairi, na usikubali usukani ufunguliwe tena ili kuuficha.

Ngozi ikishakaa, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni isiyo kali, weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele unapoegesha, na acha kitakasa mikono kikauke kabla hujashika usukani. Waambie vijana wa kuosha magari wasiupake ile polishi ya dashibodi, kwa sababu huacha utelezi, na mimi huwaambia hivyo kila ninapowaachia gari, hata wale wanaonifahamu. Katika wiki za mwanzo pitisha kidole kwenye mshono wote. Ukikuta mahali uzi umelegea mrudie fundi mapema, kwa kuwa kila sehemu imeshonwa kwa uzi mmoja mrefu, na fundo likiachia, ulegevu husambaa hadi sehemu nzima ifumuke.